Alhamisi Nne Katonga

Ratiba ilibandikwa mlangoni kwa gundi. Mlango ni wangu, na gundi yenyewe mpaka leo haijatoka. Jumatatu: kufua na kuandika barua. Jumanne: zahanati. Jumatano: Ujiji, viti vya magurudumu. Alhamisi: Katonga, akina mama wa dagaa. Ijumaa: ripoti. Jumamosi: usafi. Jumapili: ibada. Chini yake Mwalimu Nehemia alikuwa amepiga mstari kwa rula, akaandika kwa herufi kubwa: SAA MBILI KAMILI. Saa mbili kamili kila siku, hata Jumamosi ya usafi, kana kwamba vumbi lingekimbia likimwona amechelewa.

Mimi ndiye mwenye nyumba. Naitwa Marsiana, nina miaka sitini na moja, nakaa Buzebazeba, hapa Kigoma mjini. Mwaka jana Mchungaji Onesmo alinijia kuomba vyumba vyangu viwili vya uani. Akasema kuna wazee wawili kutoka Kenya, mume na mke, wastaafu, kanisa lao limewatuma kujitolea miezi kumi na minane kusaidia watu wa huku. Mimi ni Mkatoliki, kanisa lao silijui, lakini Onesmo ni jirani mwema, na aliniapia kwamba ni watu wapole. Upole wanao, sikatai. Ila hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuwa mpole na bado akakuchosha mpaka ukatamani kulia.

Mwalimu Nehemia alikuwa mkuu wa shule ya msingi huko kwao Kericho, kwenye chai na baridi, kwa miaka thelathini, na nadhani siku alipostaafu walisahau kumwambia. Ana miaka sabini na miwili, mrefu, na hilo joto letu lote analikabili akiwa na tai shingoni. Mkewe, Mama Rodah, alikuwa mkunga. Yeye ni mfupi, sauti yake ya chini, na ndiye anayebeba mfuko wenye kila kitu ambacho Mwalimu amekisahau. Asubuhi ya kwanza nilikunja goti kidogo nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akanikamata mkono, akautikisa kama anajaza upepo kwenye baiskeli. "Mzuri sana, Dada Marsiana! Habari ya kazi?" Nikabaki na shikamoo yangu hewani. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikaona heri nimwamkie mkewe tu, ambaye angalau alijifunza kusema marahaba.

Siku hiyo ya kwanza niliwapikia ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese. Mwalimu akamshika dagaa mmoja mkiani, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, akamkagua kama mwanafunzi asiyechomekea shati. "Kwetu hawa tunawaita omena," akasema. Omena! Dagaa wa Kigoma, ambao ndugu zetu wa Dar es Salaam wanawasubiri stendi kama wanasubiri mgeni! Niliingia jikoni nikakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani, mpaka hasira ikapungua.

Dagaa ndio maisha yangu, ndiyo maana niliumia. Nilizaliwa Ilagala, nikaja mjini kwa ndoa nikiwa na miaka ishirini. Mume wangu, Ignas, alivuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, kuuza mabati, akaona kule kunamfaa zaidi. Hakufa, hakuzama, yuko huko na mke mwingine, na kila Krismasi hutuma salamu. Mimi nilibaki na watoto watatu, Anatoli akiwa wa kwanza, na beseni. Nimeanika dagaa kwenye ufukwe wa Katonga miaka thelathini na minne, nimesomesha, nimejenga nyumba hii yenye mlango wenye gundi, na sijawahi kula kwa mtu.

Kazi yenyewe ni ya kuinama. Mitumbwi ikiingia alfajiri unachukua mzigo wako dagaa wangali wanameremeta, unawatandaza kwenye mchanga na kokoto, unawageuza, unafukuza kunguru, unageuza tena, na jua likiwa zuri jioni unakusanya. Jua likikataa umekwisha. Mwaka jana mvua ya kwanza ilinikuta nina mzigo wa siku tatu chini. Maji yalipita katikati ya dagaa, yakawachanganya na tope, nikawazoa kwa koleo kwenda kuwamwagia bata wa jirani. Nililia mbele ya watu wote, sikuona aibu. Kaka yangu Gasper, aliyebaki Ilagala, akaniambia bila kuzunguka: "Dada, mvua ikikumaliza tena, funga virago uje ulime muhogo. Magoti yako yamekwisha." Nikamjibu kwamba nikikosa kichanja mwaka huu, nitakuja. Nilisema hivyo na nilimaanisha, ingawa kurudi nikakae kwa mke wa kaka yangu, nimwombe chumvi kwa umri huu, lilikuwa jambo ninaloliogopa kuliko kufa.

Kichanja ni meza ndefu ya mbao yenye waya wa wavu juu yake, inakufika kiunoni. Hewa inapita chini, mchanga hauingii, mvua ikija unafunika turubai, na huinami. Kikundi chetu tuko wanawake ishirini, Wakristo na Waislamu, wengine wazazi wao walitoka Kongo. Mwenyekiti ni Scola, katibu ni mimi. Barua ya maombi niliandika kwa mkono wangu, nikaichapisha, nikaipeleka kwa Mwalimu, naye akaituma ofisi yao ya Nairobi. Jibu likaja zuri: vichanja ishirini, kimoja kwa kila mwanachama, na vifike kabla ya mvua. Sharti lilikuwa moja tu. Mkaguzi awatembelee wanachama wiki nne mfululizo, siku ileile, saa ileile, na amtie alama kila aliyemkuta kazini kwake.

Mkaguzi alikuwa Mwalimu. Alifurahi, akanunua daftari la mahudhurio, lile la shuleni kabisa, lenye mistari myekundu.

Alhamisi ya kwanza tulikwenda na gari la misheni, ambalo Mwalimu huliendesha kwa mwendo wa jongoo huku Mama Rodah akimwambia apunguze. Mimi nilikuwa nimefika Katonga tangu alfajiri, nikatandaza mzigo wangu, kisha nikarudi mbio kuwachukua kwa sababu peke yao wangepotea kwenye magunia. Dagaa siku hiyo walikuwa wengi mpaka watu wanakanyagana. Mwalimu akashuka, akafungua daftari, akasafisha koo. "Waambie wapange mstari."

Scola alikuwa amechuchumaa, magamba yamemganda mpaka viwikoni. Akaniangalia. "Mama Anatoli, huyu baba anataka nini?"

"Anataka kukuona ukifanya kazi."

"Sasa si ndio nafanya!"

"Anataka ufanye kwenye mstari."

Walicheka mpaka wavuvi wakageuka. Mstari haukupangwa. Ikabidi nimzungushe Mwalimu mahali pa kila mmoja, nimtajie jina, nimtafsirie wale mabibi wanaosema Kiha tu, nimwonyeshe pa kukanyaga asije akaharibu mzigo wa watu. Dagaa wangu nilimwachia Scola awageuze. Tulipofika kwa Bibi Eufrasia, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, mwenyewe hakuwepo, amekwenda chooni. Nikamwambia Mwalimu atie alama twende, kila mtu anamjua Eufrasia. "Siwezi kuandika nisichokiona," akasema. Tukasimama kwenye jua kali karibu na dagaa wa Eufrasia dakika kumi nzima, mimi, Mama Rodah na yeye, mpaka bibi akarudi akifunga khanga. "Mwakeye," bibi akatusalimu Kiha, akishangaa huu msiba wa nani. Ndipo Mwalimu akatia alama.

Alhamisi ya pili ikawa vilevile, isipokuwa mwendo wa gari ulikuwa mdogo zaidi.

Sasa kuna jambo ambalo kwetu halifundishwi, kwa sababu hakuna asiyelijua. Dagaa hufuata taa, na taa huonekana kwenye giza. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hutawanyika, taa zako ziwe za sola ziwe za nini hawazijali, kwa hiyo wavuvi hawatoki. Mitumbwi hupinduliwa kwenye mchanga, nyavu hushonwa, na Katonga hukaa kimya kama siku kumi. Wanawake nao hawakai kuangalia maji. Huyu anakwenda shamba, yule anakwenda kumwona mama yake. Mimi huenda Ilagala kupalilia shamba langu dogo la muhogo. Nilimuaga Mwalimu na Mama Rodah, nikawaachia ufunguo wa jiko, nikasema nitakaa Ilagala kwa siku kumi na moja. Mwalimu akanitakia safari njema, akaandika kwenye kijitabu chake. Haikunijia hata kidogo kumweleza kwa nini ninaondoka wakati ule, wala kwamba Alhamisi mbili zijazo Katonga hakutakuwa na mtu. Mtu mzima unamwelezaje kwamba usiku huja baada ya mchana?

Nilirudi Jumapili. Jumatatu, baada ya kufua, Mwalimu akaniita mezani nimsaidie kuhakiki majina kwenye ripoti. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya siku ya kufunga shule.

"Alhamisi ya tatu. Waliokuwepo: hakuna. Alhamisi ya nne. Waliokuwepo: hakuna. Maoni ya mkaguzi: kikundi kilianza kwa bidii lakini kimelegea. Hakipendekezwi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Hakipendekezwi?"

"Inauma, Dada Marsiana. Hata mimi imeniuma. Tulisimama pale saa nzima, Rodah na mimi, na kunguru."

"Mwalimu, kulikuwa na mbalamwezi!"

"Sawa, niliiona, ilikuwa nzuri. Lakini mbalamwezi inahusu nini na uvivu?"

Hapo nilisimama. Kiti kilianguka, nikakiacha. Nikamweleza habari za taa, na giza, na dagaa, na mitumbwi, na mashamba, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, maana waliniuliza baadaye. Nilipomaliza, Mama Rodah alikuwa ameweka mkono shavuni.

"Nehemia," akasema, "si tuliona mitumbwi yote imepinduliwa?"

"Niliiona," Mwalimu akasema. "Nikaandika kwamba vifaa havitumiki." Kisha akanigeukia, naye amekasirika. "Kwa nini hakuna aliyetuambia?"

"Kwa nini hamkuuliza? Ungemuuliza mtoto yeyote wa darasa la kwanza, muuza karanga, mtu yeyote pale barabarani! Mmekaa hapa karibu mwaka, mnakula dagaa wangu, hamjauliza hata siku moja wanavuliwaje!"

Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa tai. "Ripoti inatakiwa Nairobi keshokutwa," akasema.

"Andika nyingine."

"Nitaandikaje nisichokiona?"

"Kesho njoo uone. Mwezi sasa unachelewa kutoka, leo wanaingia ziwani, kesho alfajiri wote watakuwepo."

"Kesho ni Jumanne," akasema taratibu, na nilijua linalofuata kabla hajalisema. "Jumanne ni zahanati."

Niliondoka bila kuaga. Nilikaa kitandani kwangu nikiwa na hasira mpaka kichwa kikauma. Hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe, maana ningetamka maneno matatu tu siku ile ya kuaga, yasingetokea yote haya. Hilo sikumwambia yeye.

Alfajiri nikasikia hodi. Mama Rodah alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya mpira, mfuko begani. "Zahanati itasubiri," akanong'ona. "Twende kabla hajaamka." Tangu wafike, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuondolewa kwenye ile ratiba, na nilitaka kumkumbatia pale pale.

Katonga ilikuwa imefufuka. Mitumbwi inaingia, watu wanaitana, mabeseni yanapita juu ya vichwa, wanawake wote wapo. Mama Rodah akamwendea Castory, mwenye mitumbwi mitatu, akamuuliza kwa adabu kama ni kweli hawavui kwenye mbalamwezi. Castory alicheka mpaka akashika ubavu wa mtumbwi. "Mama, ukienda kuvua mbalamwezi utarudi na taa yako tu!" Mama Rodah akacheka naye, akakaa chini akaanza kuchambua dagaa na Bibi Eufrasia, hawana lugha hata moja ya pamoja wanayoijua vizuri, wanaelewana kwa vidole.

Kama saa moja na nusu asubuhi lile gari likatokea, polepole, tai ndani. Mwalimu alishuka akasimama. Alitazama mitumbwi, akatazama wanawake. Kisha akafungua daftari, akaniita, tukaanza upya mahali pa mmoja mmoja, na kila mmoja akamuuliza yeye mwenyewe habari ya mbalamwezi. Mara kumi na tisa, swali lilelile! Mimi natafsiri, jua linapanda, dagaa wangu wako kwa Scola kama kawaida. Kufika wa kumi nilitaka kumsukumia ziwani. Lakini aliandika kila jibu, na kila mtu akapata alama. Siku ya pili akanisomea ripoti mpya: mkaguzi alikwenda wakati ambao kazi hii haifanyiki, kosa ni la mkaguzi, kikundi kinapendekezwa kwa nguvu zote, na wanachama walioonekana ni hawa wafuatao. Sikusubiri majina. Nilimshukuru, nikaenda kuwapikia migebuka, samaki wa ziwa letu, bila kuombwa, na mawese nikapunguza kwa ajili ya tumbo lake. Nilimpigia Gasper nikamwambia muhogo wake aulime mwenyewe.

Lori lilifika wiki ya mwisho ya Oktoba, Jumatatu, siku ya kufua, na safari hii hata Mwalimu hakujali kufua. Mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa Kongo. Mbao zikashushwa zimefungwa kwa mafungu, na waya, na turubai za bluu. Tulipiga vigelegele. Mwalimu akasimama kwenye ndoo, akasoma orodha iliyotoka Nairobi, na kila aliyeitwa akaenda kusimama kwenye fungu lake. Scola. Eufrasia. Happiness. Na wengine, na wengine. Mimi nilijua katibu huwekwa mwisho, kwa hiyo nilingoja huku nikicheka na watu.

Alisoma jina la kumi na tisa, akageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaigeuza tena.

"Dada Marsiana," akasema, "wewe humo humu."

Tulifungua lile daftari la mistari myekundu juu ya boneti ya gari. Mstari wangu ulikuwa mweupe tangu mwanzo mpaka mwisho. Alhamisi ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Ile Jumanne, hamna. Mara zote tatu Mwalimu alipopita mahali pangu hakukuta mtu kazini.

"Mimi nilikuwa wapi, Mwalimu?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikashangaa.

"Ulikuwa nami," akasema.

"Nilikuwa nakutajia majina."

"Ulikuwa unanitajia majina." Uso wake ulikuwa umebadilika. Mama Rodah alikuwa ameangalia chini.

Hapo dereva wa lori, ambaye alikuwa na haraka zake, akaleta fomu. Ilitaka sahihi ya katibu wa kikundi chini ya maneno haya: wanachama wote wamepokea vifaa. Bila sahihi, akasema, amri aliyopewa ni kurudisha mzigo wote. Mwalimu akaichukua ile fomu mkononi mwake. "Usisaini," akaniambia. "Si kweli. Nitawaandikia Nairobi leo hii, warekebishe."

"Na watajibu lini?"

"Wiki tatu. Labda nne."

Nilitazama wale wanawake. Hawakuniambia kitu, wala saini wala usisaini, na hilo ndilo lililonichoma. Bibi Eufrasia alikuwa amekumbatia waya wake kama mjukuu. Ngurumo ilisikika kwa mbali juu ya ziwa. Nikamnyang'anya Mwalimu ile fomu. "Ukweli wako umeshaniponza mimi," nikamwambia, "hawa waache." Nikasaini: Marsiana, katibu, wote wamepokea. Siwezi kusema nilisaini kwa moyo mweupe. Nilisaini nikiwachukia wote, kuanzia Nairobi mpaka kwa Eufrasia.

Scola alinifuata. "Mama Anatoli, utaanika kwangu. Tutagawana." Nilimshukuru, lakini ana wakwe wawili wanaoanika naye, na kichanja hakitanuki. Mgeni kwenye kichanja cha mtu leo anakaribishwa, wiki ijayo anavumiliwa. Jioni nilimpigia Gasper nikamwambia aje Ijumaa na gari la kubebea vitu. Hakunicheka, hata hilo liliniuma.

Siku zilizofuata sikupika kwa wazee. Nilikunja nguo, nikafunga sufuria kwenye magunia. Jumanne na Jumatano nilisikia msumeno na nyundo kule uani, mlango wao umefungwa, na nikafikiri, hata sasa, hata sasa ninapoondoka, hawa watu wana ratiba ya kugonga misumari. Hawakuja kuniomba radhi wala kuniambia pole. Mama Rodah nilikutana naye bombani mara moja, akataka kusema kitu, akameza, akaondoka na ndoo.

Alhamisi nilikwenda Katonga kuchukua mabeseni yangu na kuwaaga wenzangu. Vichanja kumi na tisa vilikuwa vimesimama safi, dagaa juu yake wanang'aa. Mahali pangu palikuwa na kitu.

Kilikuwa na miguu minne, na kila mguu ulikuwa na urefu wake. Waya juu yake umelegea katikati, na kando limekunjwa turubai kuukuu la gari la misheni. Mwalimu alikuwa amepiga magoti mchangani akigongelea msumari. Hakuwa na tai. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa bandeji kubwa, kazi ya mkunga, na mkunga mwenyewe alikuwa upande wa pili akivuta waya kwa mikono miwili.

"Dada Marsiana!" akainuka, akajifuta jasho. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake. "Tulitaka tukimalize kwanza, tukushangaze. Hiki ni chako. Tumekifanya wenyewe, Rodah na mimi. Hatukutaka kungoja Nairobi."

Nilikisogelea. Mbao zilikuwa za mninga, nyekundu, zimepigwa vanishi zamani. Nikapitisha mkono kwenye ubao wa pembeni, nikagusa ua lililochongwa, na la pili yake. Maua hayo aliyachonga baba yangu kwa patasi, Ilagala, mwaka nilioolewa.

"Mmepata wapi mbao?"

"Tumetoa kitanda," akasema Mwalimu. "Sisi godoro linatosha sakafuni, tena mgongo wangu umepata nafuu."

"Mwalimu, hicho ni kitanda changu."

"Ndiyo, kile cha chumbani."

"Cha chumbani kwangu. Nyumbani kwangu. Ni kitanda cha ndoa yangu, nimewaazima mlalie."

Nyundo ilishuka polepole mpaka ikagusa mchanga. Mama Rodah akaziba mdomo. "Nehemia," akasema, "nilikwambia tuulize."

Hawakuuliza! Hata mara hii, baada ya yote, hawakuuliza! Nilitaka kupiga kelele watu wa Kalemie wasikie. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kibaya, chenye machozi ndani yake, na nilipoanza sikuweza kukizuia, mpaka Scola akaja kunishika mabega akidhani nimepatwa na kitu. Mwalimu alisimama pale na kidole chake cha bandeji, amekuwa mdogo kama aliyeitwa ofisini. "Nitakirudisha," akasema. "Nitakiunganisha kama kilivyokuwa."

"Utakirudisha umeshakikata miguu?" Nikakitikisa. Kikayumba. "Mguu huu mfupi. Tafuta jiwe la kuweka chini. Na huo waya, Mama Rodah, uvute zaidi, ukiuacha hivyo watakusanyika katikati waoze. Uvute! Haya, sasa piga msumari, Mwalimu, si hapo, hapa."

Alipiga nilipomwonyesha. Scola akaleta beseni lake, akanimwagia dagaa wabichi juu ya waya, nami nikawatandaza mpaka pembeni, kwenye yale maua ya baba. Nilikuwa nimesimama wima. Mgongo haukuuma.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Tukavuta turubai sote watatu, nikakagua pembe zake, kisha nikatoa simu nikampigia Gasper, nikamwambia kesho asije.

"Kwani umepata kichanja?" akauliza.

"Nimepata," nikasema. "Cha kwangu mwenyewe. Wamenipa kama zawadi."